Mahindi ya Kungoja Pasaka

Jumapili iliyofuata sikukuu ya Watakatifu Wote, Padre alimaliza mahubiri mapema kuliko kawaida yake, akatuomba tusitoke. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na kila mtu alikuwa na haraka ya kurudi shambani, lakini tulikaa. Alisema misheni imepata rafiki huko ng'ambo, mtu mwenye uwezo wake, ambaye amesikia kwamba akina mama wa milima yetu wanajifungulia sakafuni. Rafiki huyo angekuja kututembelea Pasaka. Chochote tutakachokuwa tumekusanya siku hiyo, yawe mahindi, maharage, kahawa au fedha, yeye angeweka juu yake kingine cha thamani ileile, na kwa mali hiyo ingejengwa nyumba ya wazazi, yenye kuta za matofali na bati juu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa dini. Alisimama pembeni ya altare kama alivyozoea, akiyageuza maneno ya Padre kwa Kimatengo kwa ajili ya wazee ambao Kiswahili kilikuwa kikiwapita. Alipofika kwenye habari ya kuongezewa alisita, akitafuta neno. Mwishoni akasema kwamba kila kitakachotolewa Pasaka kitazaliwa pacha.

Watu walifurahi, wengine wakapiga vigelegele mle mle kanisani. Mama mkwe wangu, aliyekaa karibu nami mkekani, hakupiga. Aliniinamia sikioni.

"Na mama wa hao pacha," aliniuliza, "mpaka Pasaka atakuwa anakula nini?"

Sikujua ana maana gani. Nilikuwa nimeolewa pale mwaka mmoja tu, na nilikuwa bado namwogopa.

Hospitali ya misheni yetu, miaka ile ya Waingereza, ilikuwa ndogo. Ilikuwa na vitanda, dawa za kutosha, na Sista mmoja aliyeijua kazi yake. Chakula haikuwa nacho. Mgonjwa alipikiwa na ndugu zake. Wenye kwao jirani, tuseme Kitura au Mpepai, waliletewa ugali kila siku na hawakuona shida. Lakini kulikuwa na watu waliopandishwa kwa machela kutoka ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na ndugu zao, wakishawafikisha, walirudi kwao kwa sababu nao wana watoto na mashamba. Hao waliishi kwa jiko lililokuwa nyuma ya hospitali. Halikuwa na mwenyewe. Wanawake wa milimani walipeleka huko vikapu kila Jumamosi, huyu kibaba cha unga, yule maharage, mwingine boga, na mpishi mmoja mzee akavichanganya akawapikia wasio na watu. Hakuna aliyeliita jambo hilo sadaka. Ilikuwa Jumamosi tu.

Mama mkwe wangu hakuwahi kukosa. Aliponichukua mara ya kwanza, tukiwa njiani, alinieleza kwa nini. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa njaa iliyofuata vita vya Maji Maji, upande wa Songea. Wazazi wake walikufa wote wawili. Mwanamke asiyemjua alikuwa akimpa kiazi kimoja kila asubuhi, kimoja tu, akihakikisha anakimaliza mbele yake.

"Angenipa kikapu kizima siku moja," alisema, "wakubwa wangeninyang'anya, na mimi ningekufa keshoye. Mimi mwanangu niliokoka kwa kiazi cha kila asubuhi."

Basi jioni ya Jumapili ile ya tangazo ndipo nilipomwelewa. Mume wangu alirudi kutoka kwa majirani akiwa amechangamka. Alisema wote wamekubaliana: mahindi yatengwe tangu sasa, yasiguswe, na vikapu vya Jumamosi visimame kidogo.

"Visimame mpaka lini?" mama yake alimuuliza.

"Mpaka Pasaka, mama. Hatuachi kutoa. Tunachelewesha tu. Debe ukilipeleka leo ni debe moja. Ukilipeleka Pasaka ni mawili. Tena wakati huo mahindi yatakuwa ghali, kwa hiyo thamani yake itakuwa kubwa zaidi. Anayetoa leo anawapunja wazazi debe la pili."

Alizungumza kwa unyenyekevu, na ukweli ni kwamba hakukuwa na kosa katika hesabu yake. Hakuwa mtu bahili. Kabla sijaolewa, dada yake mkubwa alifariki akijifungua, sakafuni, juu ya majani makavu, mvua ikivuja. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika taa. Aliposikia neno bati alisikia jambo ambalo sisi wengine hatukulisikia.

Mama yake alijua hayo yote, yule alikuwa binti yake. Aliendelea kuchambua maharage.

"Wewe toa yako Pasaka," alimwambia. "Mimi yangu nitaendelea kuipeleka Jumamosi."

Tulikuwa na vihenge viwili. Kikubwa kilikuwa chetu, kile kidogo kilikuwa chake, kutokana na mashimo ya ngolo, yale tunayolimia miteremkoni, aliyoyalima kwa mkono wake mwenyewe. Mume wangu alitenga nusu nzima ya kihenge chetu, akaiziba kwa udongo mbichi, akachora msalaba juu yake kwa kidole. Tangu siku hiyo hayakuwa mahindi yetu.

Wiki za kwanza jiko lilihimili. Maboga machanga yalikuwepo, na baadhi ya wanawake waliona aibu kusimama ghafla. Kisha mmoja mmoja wakaacha. Palizi ilianza, njaa ya kila mwaka ikaja kama inavyokuja kwetu kabla ya mahindi mabichi, na mtu aliyekuwa na kidogo cha kutoa alikitunza kwa ajili ya siku kubwa. Hata wale waliokuwa na huruma waliona kwamba kutoa wakati ule ni upotevu. Nilimsikia jirani akimwambia mama mkwe wangu njiani, "Mama, wewe unamwaga maji wakati wenzako wanakinga." Alimjibu kwa salamu tu, akapita.

Baada ya Krismasi waliletwa mume na mke kutoka ziwani. Mume alikuwa fundi wa mitumbwi. Mti aliokuwa akiuangusha ulimgeukia, ukamvunja mguu chini ya goti, na mfupa ukatoka nje. Nduguze walimbeba kwa zamu kupanda milima yote ile, wakamkabidhi kwa Sista, wakalala usiku mmoja, wakarudi. Mkewe alibaki kumuuguza. Alikuwa mwanamke mrefu, rika langu, na kwa kuwa Kinyasa chake na Kimatengo changu havikukutana vizuri, tulizungumza Kiswahili, kila mmoja akikivuta upande wake.

Sista alisema mguu unaweza kupona, lakini si upesi. Alale, asiukanyage, ale vizuri. Maneno hayo matatu aliyarudia kila siku. Mawili ya kwanza yalikuwa rahisi.

Unga waliokuja nao ulikwisha. Mke akaanza kutoka hospitali asubuhi kwenda kuomba kibarua cha kulima, alipwe chakula. Ndivyo alivyofika kwetu. Alipiga magoti mlangoni kwa mama mkwe wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka. Mumeo anaendeleaje?"

"Mguu hauna harufu tena, mama. Ila ananiambia anasikia kizunguzungu."

"Jana alikula nini?"

Alitazama chini. "Majani ya maboga. Mpishi alitupa na chumvi."

Mama mkwe wangu hakumpa jembe. Alimpa unga, akamwambia arudi kesho kutwa. Akarudi, akapewa tena. Ikawa hivyo Januari yote. Mimi niliongeza nilichokuwa nacho kwenye bustani yangu, mboga na maboga, lakini mtu aliyevunjika mfupa hajengeki kwa mboga. Isitoshe, hawakuwa peke yao. Kulikuwa na bibi mmoja asiyeona, na kijana wa kifua kikuu, na wote walikuwa wakila kutoka kihenge kimoja kidogo cha mama mkwe wangu, naye ni mjane.

Siku moja mama mkwe wangu aliniita nimsaidie kuinamisha kihenge chake. Tulikwangua chini kabisa. Yalitoka mahindi ya kujaza ungo mmoja, na nusu yake yalikuwa yametobolewa na fukusi.

Jioni hiyo alimsubiri mwanawe amalize kula.

"Baba," alimwambia, kwa maana mume wangu alipewa jina la baba mzazi wa mama yake, na hivyo ndivyo alivyomwita akitaka jambo zito, "nifungulie kihenge kile."

"Cha Pasaka?"

"Hichohicho. Debe moja tu."

Mume wangu aliweka mikono magotini. "Mama, nusu yetu haitufikishi hata sisi mavunoni; ningekuwa na ziada ningekupa. Kile nimekwisha kumpa Mungu mbele ya watu. Nikitoa debe, na mwingine atatoa debe, na siku ya mgeni tutakuwa na nini? Mimi ndiye niliyewaambia watu wafunge vihenge."

"Na yule mtu aliyelala pale hospitali," mama yake aliuliza, "yeye ni wa nani?"

"Ni wa Mungu pia, mama."

"Basi Mungu ana mahindi na Mungu ana njaa, na wewe umekaa katikati na udongo wako."

Sikuwahi kumsikia akimwambia mwanawe neno kali kama hilo. Niliinuka nikatoa vyombo. Nilipokuwa naviosha nilimsikia mume wangu akisema polepole kwamba dada yake hangekufa kama bati lingekuwepo. Mama yake alisogeza kuni motoni.  Hata mimi, niliyekuwa upande wa mama, niliona kwamba hapo alisema kweli.

Zilipita siku kadhaa. Mume wangu alikwenda kufundisha, akarudi, akala kidogo, akalala. Yule mwanamke wa ziwani alikuja tena mara moja. Mama mkwe alimpa nusu ya chakula chake mwenyewe, kilichokwisha kupikwa. Mume wangu alikuwepo uani. Aliona mama yake anamega ugali wake kwa mkono na kuufunga kwenye jani la mgomba. 

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya ibada, nilisikia udongo unagongwa. Nilitoka. Alikuwa amepanda juu ya kihenge na jembe dogo, anaubomoa ule muhuri wake. Alijaza debe, akajaza na gunia dogo, akayabeba mwenyewe kwenda hospitali bila kumwambia mtu. Siku hiyo wazee walisubiri sana kanisani, na Padre ilimbidi ahubiri bila mtu wa kumgeuzia maneno.

Nilimfuata. Nilimkuta amesimama wodini karibu na kitanda kitupu.

Yule fundi na mkewe walikuwa wameondoka Ijumaa. Sista alituambia huku akipangusa miwani yake, kwa hasira ambayo sikujua inamwelekea nani. Aliwakataza, alisema. Mfupa ulikuwa umeanza kushika. Lakini mwanamume yule alimwambia kwamba kufa njaa ugenini ni aibu wakati nyumbani kuna mihogo na samaki, na kwamba anamwona mkewe anakonda kwa sababu yake. Alikata magongo mawili ya mti, mkewe akabeba sanduku lao, wakaanza kuteremka.

Mume wangu aliliacha gunia jikoni kwa ajili ya bibi asiyeona na wenzake, akachukua debe akawafuata. Alikwenda mpaka mahali njia inapoanza kuteremka kwa ukali na ziwa linaonekana kwa mbali, chini kabisa, jeupe. Watu wa pale walimwambia waliwaona Jumamosi. Mwanamume alikuwa akishuka kwa makalio, akiburuta mguu, na mkewe yuko mbele yake akimkinga asiporomoke. Mvua ilikuwa kubwa. Mto wa chini ulikuwa umejaa na mtu mwenye debe kichwani hangeweza kuvuka. Alirudi kwetu Jumatatu, amelowa, debe bado limejaa.

Habari zilitufikia katikati ya Kwaresima, kwa mchuuzi wa samaki wakavu aliyepanda kwenda Mbinga. Mguu ulivunjika tena mteremkoni. Ukaoza. Yule fundi wa mitumbwi alizikwa kwao kabla mwezi haujaisha.

Mama mkwe wangu aliposikia alijifunika khanga usoni. Mume wangu alikuwa amekaa nje, na aliendelea kukaa pale mpaka baridi ikampata. 

Pasaka ikaja. Nisiseme uongo: ilikuwa siku ya fahari. Mgeni alifika kwa gari, mzee mwembamba mwenye kofia ya jua, akalia machozi alipoyaona magunia yamepangwa kutoka mlango wa kanisa mpaka barabarani. Watu walikuwa wamejinyima kweli. Kahawa ilikuwepo, kuku, hata mbuzi. Yule jirani wa kukinga maji alileta gunia zima, naye alikuwa na watoto wengi na uso umemsinyaa. Mgeni alitimiza ahadi yake yote. Mume wangu alisimama akageuza hotuba yake neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, sauti yake ikiwa kavu kama ya mtu anayesoma majina ya marehemu.

Wiki iliyofuata aliniambia nijiandae, tunakwenda ziwani. Alibeba gunia, mimi nikabeba maharage. Tulishuka kwa njia ileile. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyozidi na migomba ikawa mingine, na watu wakatusalimia kwa lugha nyingine. Sikuwahi kuliona ziwa kwa karibu. Nilishangaa kwamba lina mawimbi na kwamba maji yake hayana chumvi.

Mjane alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba, anamenya mihogo. Alikuwa amenyolewa kichwa. Alitutambua, akainuka, akatuletea mkeka na maji. Mume wangu alijaribu kuanza hotuba aliyoitayarisha njia nzima, akashindwa, akasukuma gunia mbele.

"Tumekuletea," alisema tu.

Mjane aliligusa gunia kwa vidole vyake, akaunusa mkono.

"Ni mazuri," alisema. "Mwalimu, ahsante. Lakini ziwa limetoa dagaa, usipa mwingi, na mihogo ipo. Wakati huu hatuna njaa." Alilipapasa gunia tena. "Mahindi haya yangenifaa kule kwenu."

Hakuyasema kwa ukali. Angeyasema kwa ukali ingekuwa afadhali. Mume wangu aliinamisha kichwa, akalia mbele ya wanawake wawili, jambo ambalo kwetu mwanamume halifanyi. Mjane alimwacha alie. Kisha aliniuliza mimi habari za mama mkwe wangu, kama ana afya, kama kihenge chake kimepata kitu. Tulipoaga alitufungia usipa mkavu kwenye jani, akasema, "Huu ni wa mama. Mwambie nilikula ugali wake njiani, tuliugawana mara mbili."

Gunia alilikubali hatimaye, kwa ajili ya kaka wa marehemu aliyekuwa na watoto wadogo.

Tulipanda siku nzima. Karibu na kilele mume wangu alisimama kupumzika.

"Ningefungua siku ile mama aliponiomba," alisema, "na bati lingejengwa vilevile. Debe moja lingepungua nini?"

"Lisingepunguza kitu," nilimjibu.

"Na kama kila mtu angefungua?"

Hilo sikulijibu. Nimelifikiria miaka mingi, na hata sasa sina jibu la kukuandikia. Nyumba ya wazazi ilijengwa kabla ya mvua za mwaka ule. Miaka mitatu baadaye mimi mwenyewe nililala humo, mtoto wangu wa pili akitanguliza miguu. Sista alihangaika naye tangu alfajiri hadi jua kali, kwenye kitanda kirefu, chini ya taa nzuri, na vyombo vilivyochemshwa vikiwa karibu naye. Ningejifungulia sakafuni kama shangazi yake, nisingekuwepo kuandika haya, na binti yangu asingekuwepo pia. Kwa hiyo sithubutu kulisema vibaya bati lile. Nililitazama kwa muda mrefu siku ile, nikimshukuru mzee mwenye kofia ya jua, na nikimkumbuka mtu mwingine aliyekuwa akishuka mlima kwa makalio kwenye mvua.

Mume wangu, tangu safari ya ziwani, alizunguka nyumba kwa nyumba kuwapanga watu kwa zamu za vikapu vya Jumamosi. Aliwaambia kwamba akitokea mgeni tena na ahadi yake, watu watoe wanachoweza, lakini zamu ya jikoni haiguswi. Baadhi walimcheka, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha kufunga vihenge. Aliwavumilia. Mama yake hakumwambia neno la ushindi. Alimwachia Jumamosi ya kwanza, yeye akachukua ya pili.

Mama mkwe wangu alifariki miaka michache kabla ya Uhuru, ghafla, akiwa kwenye mashimo yake ya ngolo. Zamu yake nilichukua mimi. Jumamosi nyingine jikoni vilifika vikapu vingi mpaka mpishi akalalamika hana pa kuweka. Jumamosi nyingine, hasa wakati wa palizi, kilifika kimoja, nami niliketi na mpishi tukakipima, tukaona kinatosha wagonjwa wangapi.